Risiti Haitembei Tena

Jumatatu, 4 Mei
Mahamri yameisha mapema. Mbaazi zimebaki kidogo, tutakula nyumbani. Kanjo, askari wa kaunti, wamepita hapa Magongo kukagua risiti za ushuru wa siku. Safu yetu tuna dawa yao: mmoja hulipa, risiti inatembea chini ya meza, mkono hadi mkono, askari wako papo hapo. Leo ilikuwa yangu. Imerudi imelowa mafuta ya viazi karai vya Kadzo, jirani yangu wa meza. Tumecheka mpaka machozi.

Jumatano, 6 Mei
Mvua. Mtaro umefurika tena. Maji meusi mpaka miguuni mwa wateja, na harufu ndiyo hiyo. Nimekwenda ofisi ya wadi kulalamika. Karani akaniuliza risiti yangu iko wapi. Iko kwa Kadzo. Nimerudi mezani kwangu. Hasira ninazo, wa kumkasirikia simjui.

Jumapili, 10 Mei
Mchungaji amefundisha pale Yesu alipoulizwa kuhusu kodi ya Kaisari. Nikasimama, mimi huyu, kanisa zima likageuka. Na Kaisari asiyezibua mtaro je? Watu wakaguna. Mchungaji hakukasirika. Akasema, "Mama Neema, Kaisari anakunyima haki yako, kweli. Lakini wewe unayemficha yake, utamdai kwa mdomo upi?" Nimekaa. Imeniuma kwa sababu ni kweli.

Jumatatu, 11 Mei
Asubuhi nimewaambia wote: kila mtu na yake, yangu haitembei tena. Wamedhani mzaha. Kanjo walipofika, Kadzo akanyoosha mkono chini ya meza kama kawaida. Sikumpa. Jiko lake likabebwa, makaa yakamwagwa mtaroni. "Umeokoka, sasa watuuza," akaniambia mbele ya wateja. Tumeuza pamoja tangu Neema yuko mgongoni. Nimelia. Nisingempa hata hivyo.

Jumanne, 12 Mei
Nimemsindikiza Kadzo ofisi ya wadi kulifuata jiko. Njia nzima hakunisemesha. Faini tumechangiana. Kisha, karani kabla hajafungua mdomo, nikaweka risiti zangu mezani, ya jana na ya leo. Nikamwambia kwa sauti: mimi yangu nimetoa. Sasa mtaro. Amesema watakuja. Wasipokuja nitarudi, na risiti nitakuwa nayo. Nimetoka pale kifua mbele, sijawahi kutembea hivyo katika barabara hii. Kadzo nyuma, jiko kichwani. "Umemfokea kama mumeo," akasema. Basi, ndiyo maneno yake ya kwanza.

Alhamisi, 14 Mei
Mtaro bado wanuka. Kadzo amefika, hakunisalimu, akawasha jiko. Risiti yake ameibana kwa pini juu ya leso, kifuani, kila mtu aione. Kanjo wamepita. Hakuna mkono ulioingia chini ya meza. Nimemmiminia chai, akaipokea. Amesema kesho ofisini twende safu nzima.