Miezi Saba ya Kubana Betri

Alhamisi, Machi 1984. Mvua imeishika Tunduma tangu saa tano, mashine ya kusaga nimeifunga, na nina furaha isiyo na wa kuambiwa ila daftari hili.

Nianze na kosa langu.

Miezi saba iliyopita, kwa msaada wa wamisionari, niliwekewa ng'ambo kifaa cha kuusaidia moyo kupiga. Kiko chini ya ngozi, karibu na bega la kushoto, kinaendeshwa na betri. Zamani nilikuwa nikianguka hovyo, mapigo thelathini na nne kwa dakika. Sasa ni sabini, nahesabu kila asubuhi. Mungu ashukuriwe.

Walinipa maagizo kumi na moja. Kuhusu mimi na mke wangu, hata moja. Hilo linaniuma mpaka leo. Mwanamume wa miaka arobaini na nane, walidhani moyo nakwenda kuufungia kabatini?

Nikajiamulia mwenyewe, kama nilivyozoea tangu enzi za kusukuma baiskeli ya mahindi kutoka Msangano. Betri za redio hazipatikani. Tunazianika juani, tunasikiliza taarifa ya habari, tunazima. Hii ya kifuani nitaianika wapi? Nikahamia chumba cha magunia.

Niliibana betri, isiishe upesi.

Mke wangu, Mama Atu, hakuuliza. Jumapili akasema, “Baba Atu, huyo wako wa Nakonde mlete nimsalimu. Mimi Jumamosi narudi kwetu Isongole.”

Hakuna mwanamke wa Nakonde, wala wa popote ng'ambo ya mpaka. Nikaingoja siku ya kupimwa.

Jana nilikwenda kupimwa, nikamwuliza daktari faraghani. Alicheka, kisha akaona sitanii. “Mzee wangu, kidonda kimepona. Kumkimbia mama hakukuongezei betri. Kama unapanda kilima bila kifua kubana wala kizunguzungu, rudi chumbani kwako.” Akasema woga unaweza kuufanya mwili ukatae mwanzoni, ukizidi kukataa nirudi tuzitazame dawa zangu za presha.

Leo alfajiri nimepanda kilima cha nyuma. Hatua mia mbili na sitini. Kifua shwari.

Nilimkuta akifunga mzigo. Nikamweleza yote.

“Miezi saba! Kumbe mimi ni redio?”

Alicheka, akalia, akanitukana kwa Kindali, lugha ya kwao. Nilistahili.

Tukafunga mlango mchana kweupe, mvua ikipiga bati. Mwili ulikataa kweli. Akakigusa kile kifaa: “Kidogo kama kiberiti, na wewe unakiogopa.” Tukacheka, na woga ukatoka humo humo kwenye kicheko. Mengine ni yetu.

Nashukuru. Nashukuru kwa moyo, kwa daktari aliyejibu, kwa mwanamke aliyengoja zaidi ya nilivyostahili.

Ila Isongole anakwenda, na mimi namsindikiza. Alishawatumia watu wa kwao salamu kwamba nimeoa ng'ambo ya mpaka, na wazee wamekaa wanangoja maelezo. Ukweni kwetu hata kutaja kitanda ni mwiko.

Jumamosi, mbele ya baba mkwe, nitaanzia wapi?