Ndege Wazee

Kianda, Kibera
Jumatano

Kwa Anti Ndululu,

Tafadhali soma barua hii ukiwa peke yako, na lolote nililoandika lisimfikie mtu, hata Anko. Huku mvua imepungua. Mimi bado ni karani kwa wale watafiti wa ndege wa baharini. Juzi nilichapa kwamba ndege mama akizeeka huendelea kutaga, lakini makinda yake mengi hutoka dhaifu. Vidole vilikataa kuendelea, kwa sababu Mama ana mimba. Ana miaka arobaini na sita, miguu imevimba na kichwa kinamuuma kila siku.

Nilimpeleka kliniki Kawangware, ambako hatujulikani. Mama alikuwa amelificha tumbo kwa leso. Nesi alinitazama mimi, kisha akamgeukia Mama kama anayezungumza na bibi kizee.

"Shosho, umemleta msichana wako? Mimba ya kwanza?"

Nilingoja Mama amsahihishe. Akasema, "Ya kwanza. Lakini anaogopa, tutarudi kesho." Akanishika mkono tukatoka.

Njiani aliniuliza, "Na hao ndege wako wazee, wao hufa wakitaga?"

Nilimwambia sijui, na kweli sijui. Tangu hapo amekataa kurudi kliniki.

Mama hukusikiliza wewe tu. Njoo umpeleke. Usimpigie yeye, nipigie mimi mchana nikiwa kazini. Ukishuka kituo cha Olympic nitakuja kukuchukua. Majirani wakikuuliza, sema umekuja kunitunza mimi. Mama ameshawaambia mwenye mimba ni mimi.

Mtoto wako,
Kalondu