Wimbo wa Maziko kwa Chifu Aliye Hai

Ekerenyo, Kisii
1969

Dada yangu Zuhura,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Mimi mzima, ila baridi ya milima hii imeniingia kifuani, na lile sweta ulilonifumia nalivaa mpaka darasani. Mama je, magoti bado yanamsumbua? Na kitinda mimba wako ameshaacha ziwa? Safari hii niandikie kwa urefu, maana barua yako iliyopita ilikuwa kama ya mtu anayekimbizwa.

Uliuliza kama nimeoa huku, ndiyo maana likizo siji. Sijaoa. Ni zile nyimbo tu. Unakumbuka nilivyokuwa nikishinda makaburini kunakili maandishi ya mawe ya kale, nawe ukinifuata na bakora? Maradhi ni yaleyale. Wazee wa Kigusii hawakuchonga maneno kwenye mawe, waliyatia kwenye nyimbo, na wanaozijua wanakwisha. Huu mwaka wa tatu, kila Jumapili napanda kilima kwa Bibi Kwamboka, ajuza anayeimba huku akisaga wimbi. Jumamosi hathubutu, ni Msabato. Ananiimbia, ananieleza wimbo ni wa nini na unaimbwa na nani, kisha ananipa ndizi na kunicheka ninavyotamka.

Sasa nikupe habari ya Mokaya, na ukimsomea Mama, matusi yaruke.

Mokaya ni mkaguzi wa shule. Mzaliwa wa huku huku, lakini alilelewa misheni tangu mdogo, na mambo ya wazee wake aliambiwa ni ya kishenzi. Alipopata habari zangu akaniazima tepu rekoda ya ofisini. Akanisifu weee, mpaka nikavimba kichwa. Nilipomaliza kurekodi akasema, "Lete tepu zote, mwalimu, tukuhifadhie." Nikampa kwa mikono miwili, mjinga mimi. Nilitaka kumweleza kila wimbo una masharti gani, akatazama saa yake. "Hayo baadaye."

Baadaye yenyewe ikawa redioni. Nimekaa hotelini nakunywa chai, nasikia sauti ya Bibi Kwamboka, na mtangazaji anasema nyimbo hizi zimekusanywa na mtafiti Bwana Mokaya. Ati mtafiti! Mlango wa yule bibi haujui! Nilimfuata ofisini. Hata kiti hakunipa. Alicheka tu. "Wewe mtu wa pwani, nyimbo za Wagusii zimekuwa zako tangu lini? Nenda kafundishe hesabu."

Zuhura, nililia njiani, mtu mzima na ndevu zangu. Kisha nikanyamaza, nikaanza kungoja. Unanijua nikingoja.

Kati ya zile nyimbo mmoja ni wa maziko. Unaimbwa siku mwenye boma anapozikwa, ng'ombe wake wakiletwa uani. Bibi Kwamboka alikataa kuuimba ndani. Alinipeleka nyuma kabisa ya migomba, akaniambia, "Mwalimu, hii wimbo si ya nyumba. Haiimbiwi mtu anapumua." Maneno yake ni matamu tupu: vilima alivyovuka, mifugo aliyofuga, watoto aliowalisha. Pale pa jina la marehemu hakutaja mtu, aliguna tu.

Mwezi uliopita chifu wetu alikuwa akistaafu, ikaandaliwa sherehe kubwa shuleni. Mokaya akaja na tepu yake kuwafundisha watoto wimbo wa kumsifu. Nipo darasa la pili nasahihisha hesabu, nasikia ng'ambo ya ukuta, loo! Ni ule ule. Na pale Bibi alipoguna, bwana mkubwa katia jina la chifu!

Ningeweza kusema. Nilikuwa na wiki nzima ya kusema. Nikafunga dirisha, nikajifanya hamnazo.

Siku ya siku chifu yuko mbele na koti jipya, mkewe kando. Watoto wakaanza. Wazee wakatazamana. Jina lilipotajwa, ajuza mmoja akapiga ukemi, akinamama wakamfuata kwa kilio, na watoto maskini wakadhani wanashangiliwa, wakazidisha sauti! Wana wa chifu wakasimama na fimbo. Mokaya kijasho chembamba kinamtoka, anauliza, "Kuna nini? Kuna nini?" Wallahi, dada, roho yangu ilipoa kama nimekunywa maji ya mtungi. Watoto hawakuguswa, usihofu.

Wazee wakakaa uani kwa chifu. Mokaya akaambiwa alete kondoo wa kuondoa mkosi ule, kisha aseme nani aliyemtuma amwimbie mtu aliye hai kifo. Unajua alisema nini? Alininyooshea kidole mbele ya watu wote: "Nyimbo si zangu. Zote ni za Mwalimu Sudi. Yeye ndiye aliyezikusanya, kazi yote ni yake."

Hebu fikiria. Yale maneno niliyoyataka redioni, nimeletewa bure, na mashahidi tele. Nilikuwa na haki ya kusema ndiyo, ni zangu, na mkosi ni wako.

Nikasimama. "Wazee wangu, redioni mlisikia jina la nani?" Wakasema, la Mokaya. "Basi mwenyewe alitangaza ni zake. Mimi ni mtu wa pwani, nafundisha hesabu. Sina wimbo hata mmoja."

Wazee wakamgeukia Mokaya. Kondoo alimleta, akaomba radhi amepiga magoti, na mjini watoto wanamzomea. Sijutii. Nisalimie Mama, mwambie dawa ya kuchua nimeshamtafutia. Shemeji asalimiwe, na mjomba muadhini, na shangazi wa mikate ya mofa, nimeikumbuka mpaka naota.

Nilitaka niishie hapo, lakini wewe huwa nakuambia yote. Siku ile uani kwa chifu, Bibi Kwamboka alikuwepo, amekaa na akinamama wenzake. Jumapili nikapanda kwake. Alinikaribisha vizuri, akanipa ndizi, akauliza habari za kifua changu. Alikuwa anasaga kimya. Nikamwomba aniimbie ule wa mavuno tuliouacha katikati. Hakuinua hata uso.

"Kamwombe Mokaya," akasema. "Wewe ulisema huna wimbo."

Nduguyo akupendaye,
Sudi