Dharura Niliyokueleza Vibaya

Tunduma, Jumapili mchana.
Leo natimiza miaka mitatu na miezi miwili tangu nitoke Mpwapwa.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Na kifua cha mama? Mimi mzima, ila mgongo umechoka kwa magunia ya mahindi. Naandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kabla sijamaliza.

Baba, nilikupotosha bila kujua. Pendo alipotuambia amekuwa daktari wa dharura, uliniuliza maana yake, nami kwa darasa langu la sita nikajibu, "Ni kama wale walimu wa dharura wa zamani, wa kuziba pengo." Ukamkasirikia mdogo wangu. Ukamwambia masomo ya utafiti anayoitiwa sasa ayaache, kwanza akasomee udaktari kamili.

Jumanne tulikuwa tunapakia lori. Simbeye, mpakiaji mwenzangu aliyetoka kijiji cha Ndalambo, alikuwa akinitania kama kawaida: "Mgogo, beba! Hilo gunia si ng'ombe, halitatembea lenyewe." Hakumaliza kucheka. Magunia yakamporomokea kifuani. Tukamkimbiza kwa bajaji, akivuta pumzi isiyoingia.

Hospitali akatupokea binti mwembamba, rika la Pendo. Nikamwambia, "Dada, tuitie daktari."

"Ndiye mimi. Mshike mkono huo, asiutikise."

Akamchoma sindano nene ubavuni, hewa iliyobanwa kifuani ikatoka kwa mlio, na Simbeye akapumua. Baadaye yule daktari akaja na daftari, akaanza kuniuliza. Aliangukiwa saa ngapi? Mlimnyanyuaje? Foleni ya malori iliwakwamisha wapi?

Nikachukia. "Mtu kaponea chupuchupu, wewe unauliza foleni?"

"Kaka, nikijua mnachelewa wapi, atakayeletwa kesho nitamuwahi. Huo ndio utafiti wangu."

Nikamuuliza yeye ni daktari wa nini. "Wa dharura," akasema. Alisoma udaktari miaka mitano, akafanya kazi mwaka mmoja chini ya wakubwa, ndipo akarudi darasani miaka mitatu kujifunza kumpokea mtu anayekata roho. Hapa sijamwambia mtu jinsi nilivyoona aibu. Nakuambia wewe.

Hawazibi pengo la mtu, baba. Pendo alikuwa daktari kamili kabla hata hajaanza kusomea hiyo dharura.

Anatakiwa ajibu kuhusu masomo ya utafiti kabla mwezi haujaisha, na ameniambia bila neno lako atakataa. Mpigie wewe mwenyewe. Mdomo wangu umeshaharibu.

Nisalimie mama, shangazi aliyenilea, na mchungaji anayekusomea barua hii. Asiruke mstari.

Ukimpigia Pendo, nitakuja mwezi wa kumi na mbili tupande uwele pamoja. Nikisikia hukumpigia, mwezi huu hautaisha kabla sijafika hapo, niyaseme haya mbele yako nimepiga magoti.

Mwanao,
Yoeli