Seva Niliyosema Nimeizima

Jumanne, saa kumi na moja jioni. Upepo ulioanza alfajiri bado unapiga mabati ya jirani, nami nafuta herufi na kuziandika upya. Nimekunywa chai vikombe vitatu. Haijasaidia kitu.

Leo nimesifiwa kazini. Ndiyo maana nina hofu hivi.

Kwa mnaonisoma mara ya kwanza: mimi ni fundi wa kompyuta hapa Kigoma mjini, mwaka wa kumi na moja sasa, kampuni ileile. Kazi yetu ilikuwa seva, zile mashine zinazotunza kumbukumbu za ofisi nzima. Zilikuja kwa treni kutoka Dar kwenye masanduku ya mbao, tukawafungia wateja, zikiugua tukaziuguza. Watu walinipigia simu hata siku ya Idi. Nilikuwa nalalamika, lakini moyoni nilijiona mtu.

Kisha ikaja klaudi. Sasa mteja hanunui mashine. Anakodi nafasi kwenye mashine za kampuni kubwa huko mbali, anaingia kwa intaneti, basi. Makao makuu, huko Dar, wakaamua tuache seva, tuuze hiyo nafasi. Karakana yetu imepakwa rangi, wamekaa humo watu wa mauzo. Mafundi tuko sita. Ijumaa yanatangazwa majina ya wawili watakaobaki.

Mteja wetu mmoja ana boti za abiria, zinatoka Kibirizi kwenda vijiji vya kaskazini. Mwezi uliopita tulimhamishia tiketi zake klaudi. Seva yake ya zamani ilikuwa ofisini kwetu, imeunganishwa na Kibirizi kwa antena. Nikaagizwa niizime. Nikamwambia meneja nimeizima.

Sikuizima.

Nilijidanganya kwamba ni tahadhari. Uongo mtupu! Ile mashine niliifunga kwa mikono yangu, na maadamu taa zake zinawaka nilihisi bado nahitajika. Halafu kiherehere changu: nikamwambia Mwajuma, dada anayekata tiketi Kibirizi, kwamba intaneti ikigoma afungue mfumo wa zamani. Sikufikiri hata kidogo kwamba mfumo mmoja haujui mwingine umeuza nini. Fundi wa miaka kumi na moja, jamani.

Leo asubuhi intaneti ya Kibirizi ikagoma. Saa tatu hivi nikapita karibu na seva nikasikia feni yake inavuma, na mashine isiyo na kazi haivumi hivyo. Nikafungua nitazame. Tiketi za boti ya saa nne zilikuwa zinakatwa moja baada ya nyingine. Nikaingia klaudi kwa simu: boti hiyohiyo ilishajaa tangu jana, kwa watu waliokata tiketi wakiwa majumbani kwao.

Boti moja, abiria wa boti mbili. Na ziwa limechafuka.

Mwajuma hapokei simu. Nikadandia bodaboda, nikamwambia dereva asiniulize bei, akimbize tu. Boti za hapa zinachelewa kila siku ya Mungu na mimi ndiye wa kwanza kuzisema vibaya. Leo nilikuwa naomba njia nzima ichelewe, hata nusu saa.

Nimefika wanafungua kamba. Watu wamebanana, wengine wamekalia magunia, boti imelala upande. Nikamwita nahodha, Mzee Rubeni. Hata shikamoo nilisahau. Akasema kila mtu humo ana tiketi halali. Nikamwambia, "Ndiyo Mzee, zote halali, na watu ni mara mbili. Hesabu jaketi za kuokolea."

Akahesabu. Akazima injini.

Walioshushwa ni wale wa tiketi za asubuhi. Mama mmoja alikuwa anawahi kumzika kaka yake. Alishuka analia, akaniambia kwa Kiha maneno ambayo siyaandiki hapa. Mzee Rubeni akauliza mbele ya kadamnasi nani kauza tiketi hizi. Macho yote kwa Mwajuma. Mwajuma akanitazama mimi.

Nikainamisha kichwa, nikajifanya nahesabu jaketi tena.

Nikarudi ofisini, nikaizima ile seva. Mwezi mzima ilinishinda, leo imenichukua sekunde tano, kwa sababu nilikuwa naficha ushahidi. Dakika kumi baadaye meneja ananiita, ananipa mkono. Nimeokoa watu, anasema. Mwenye boti kamsimamisha kazi Mwajuma kwa kuuza tiketi boti ikiwa imejaa, na mimi jina langu limeshakwenda Dar, la kwanza kati ya wale wawili. Nikasema asante. Nilisema asante kweli, kwa sauti yangu hii.

Mwajuma hakunitaja popote. Anatunza mama yake pale Ujiji, na hana kazi nyingine. Nimemtoa kafara mchana kweupe ili nibaki kwenye kampuni ambayo haihitaji tena ninachokijua. Najiona mdogo leo, mdogo kabisa.

Sasa hivi, kabla ya kuchapisha hapa, nimemwandikia meneja na mwenye boti ujumbe mmoja, Mwajuma naye nikampelekea uleule: "Seva sikuizima. Mimi ndiye niliyemwambia Mwajuma aitumie. Hana kosa, mrudisheni kazini."

Meneja ameusoma. Kesho saa mbili nitakwenda kama kawaida, wakinifukuza wanifukuze nikiwa nimesimama mbele yao.

Mwajuma ndiye amejibu. "Nimeona, dada. Nilikuwa nimekupa mpaka magharibi useme mwenyewe."