Kebo ya Afande

Jumatatu, 6 Mei. Kasese

Breki za pikapu ya vitunguu, plagi za watu wawili, chai. Halafu Afande Opio, askari wa kambi ya Bwera, akaleta gari yake ya zamani, ya gia otomatiki. Gia ya tatu inachelewa, injini inalia kama mbuzi wa Idi, mafuta yanakwisha bure. "Fundi, gia iingie mapema. Hapana hadithi." Jumamosi anampeleka mkewe hospitali, Kisinga, akapasuliwe. Mtoto amelala kingamo tumboni.

Dawa yake naijua. Kuna kebo inatoka kwenye kabureta inaingia giaboksi. Ukiilegeza, gia zinawahi. Nimeilegeza. Tumeijaribu barabara ya Mubuku, gari tupu. Gia zikaingia laini kama samli. Afande akacheka, akaniita profesa. Nimefurahi, nisijidanganye.

Jumanne, 7 Mei

Kazi tele. Habari ya profesa nimemsimulia kila aliyepita, hata muuza chapati.

Jumatano, 8 Mei

Masereka, fundi wa banda la jirani, ameniharibia siku. Kaniuliza kebo ya afande nimeiachia nafasi kiasi gani. Sikupima. Nililegeza kwa kusikiliza injini tu, ndivyo tunavyofanya hapa.

"Kebo hiyo haipangi wakati wa gia tu," kasema. "Inaleta na presha ya oili. Presha ikipungua, pleti za klachi zinateleza, zinaungua. Umeijaribu mlimani, na watu ndani?"

Nimemwambia ana wivu. Kaondoka anatafuna muhogo wake. Mubuku ni tambarare kama sinia. Sote tunajaribia magari huko.

Alhamisi, 9 Mei

Sikuweza kutulia. Nyuma ya banda kuna giaboksi mbovu ya teksi moja. Kebo yake niliilegeza mimi mwaka jana. Ilipokufa nilimlaumu dereva, mbele ya watu. Leo nimeifungua. Pleti zote nyeusi, zimeungua hadi chuma.

Nimempigia afande mara moja. Simu imezimwa. Nikashusha pumzi. Niandike ukweli: nilifurahi kwamba hakupatikana. Naogopa kuchekwa kambi nzima. Mwanamke wa watu ana mimba na mimi nawaza jina langu. Astaghfirullah.

Ijumaa, 10 Mei

Simu bado imezimwa. Kwenye hotuba msikitini, imamu kazungumzia amana. Sikuweza kuinua uso. Nilipotoka nikamwomba Masereka pikipiki. Kanipa ufunguo kabla sijamaliza kueleza.

Nimepita Kisinga, nimevuka kilima cha kwenda Bwera. Chini kidogo, upande wa pili, gari ile. Imesimama, boneti juu. Harufu ya oili iliyoungua ilinifikia kabla sijazima pikipiki. Uchungu umemwanza mke wa afande asubuhi, siku moja kabla ya ile ya kupasuliwa. Walikuwa wanapanda, injini ikanguruma, gari ikagoma kwenda. Na magari yanayopita yote yamejaa, na pikipiki mama hawezi kupanda kwa hali ile.

"Afande, kosa ni langu. Nililegeza kebo kupita kiasi."

Alinitazama. Nilijua atanipiga, na ningestahili. Nikamwambia aingie kwenye usukani, akanyage mafuta mpaka chini, asiachie mpaka niseme. Akatii. Mkewe kiti cha nyuma, ameuma khanga, jasho linamtiririka. Nikaikaza kebo mpaka kidonge cha chuma kilichobanwa kwenye waya wake kikagusa mdomo wa ala, mfuko unaoufunika waya, kama inavyotakiwa. Kisha tukangoja oili ipoe. Kungoja kule kulinimaliza.

"Endesha wewe," akasema afande.

Gia ya chini peke yake. Gari ikashika, ikateleza, ikashika. Kila ikiteleza mama anaita Yesu, na mimi naita ya Rabi. Afande mkono wake kwenye dashibodi kana kwamba anaisukuma. Tulifika kileleni mwendo wa mtu anayetembea. Kuteremka hadi Kisinga sikumbuki. Wauguzi walimpokea wakakimbia naye. Mimi nikabaki uani. Baadaye nikarudi kilimani kuichukua pikipiki ya Masereka.

Jumamosi, 11 Mei

Afande kapiga. "Mama iko mzima. Mtoto iko mzima, msichana. Kuja uchukue gari." Akakata.

Nimelia bandani, mtu mzima mimi, mbele ya wateja.

Jumapili, 12 Mei

Nimeivuta gari hadi Kasese na kuifungua giaboksi peke yangu. Pleti nne. Tatu zimeungua hadi chuma. Ya nne imebaki na ile ngozi ya kushikia kidogo upande mmoja, nyembamba, ukucha unaikwangua. Hiyo ndiyo iliyotupandisha.

Nimeipangusa, nikaiweka juu ya benchi. Nikakaa. Kazi nyingine sikufanya leo.