Mzigo wa Tobar Geal

Meath, Jumanne ya Pasaka

Mpendwa dada Attracta,

Kristo amefufuka. Huku tu wazima, na kuku wameanza tena kutaga.

Unajua kila Pasaka mume wangu Fintan hunisomea majina ya farasi wa zile mbio kubwa za viunzi, na uzito aliobebeshwa kila mmoja, maana aliye bora huongezewa mzigo, nami humwambia nani atashinda. Miaka kumi na tisa ananisikiliza mimi tu. Juzi Sorcha, yule mjane jirani, alikuwa mezani kwetu, anacheka na mume wangu.

"Mimi nampenda Tobar Geal," akasema.

Ndiye farasi niliyemchagua tangu asubuhi! Anapenda matope, na mvua ilinyesha wiki nzima. Lakini ulimi ukagoma kumkubalia, nikasema:

"Huyo? Kabebeshwa mzigo mkubwa kuliko wote. Ataanguka tu."

Alishinda bila jasho.

"Umezeeka, mama," Fintan akanitania. "Mwakani tutamuuliza Sorcha."

Akammiminia Sorcha chai katika kikombe changu.

Nimeungama. Padre anasema nimwambie Fintan kwamba nilijua nani atashinda. Nimeanza na wewe, dada, maana kwako ni rahisi.

Mdogo wako,
Bríd